Gari linavuma: jinsi ya kujua kama ni beringi ya gurudumu, ni tairi, au ni kitu kingine

Ukitoka Kibaha kuelekea Chalinze, barabara ikishanyooka na spidi ikafika 70, Corolla yangu ilikuwa inaanza kuvuma. Si kelele ya kukufanya uegeshe pembeni. Ni ile vuuu ya chini chini ambayo kwanza unadhani ni upepo wa dirishani, unafunga kioo, haiishi, unaongeza sauti ya redio. Nikaipeleka gereji. Fundi akaiendesha mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akashuka akasema, "Bosi, beringi ya mbele kushoto imekufa." Ikabadilishwa. Vuuu ikabaki. Wiki mbili baadaye ikabadilishwa ya mbele kulia, kwa maelezo kwamba kumbe zilikuwa zimekufa zote mbili. Vuuu ikabaki vilevile. Mwishowe Jumapili moja nilifungua matairi mwenyewe, ya nyuma nikayaleta mbele, na mvumo nao ukahama ukaja mbele, miguuni kwangu. Yalikuwa matairi muda wote. Beringi mbili nzima zilikwenda kwa muuza chuma chakavu.

Tangu hapo sikubali beringi ifunguliwe kabla gari halijapita kwenye vipimo vilivyo hapa chini, na kwa mpangilio huu huu. Vyote pamoja ni kazi ya nusu siku, na vingi havitaki kifaa zaidi ya jeki, stendi na viganja vyako.

Kwanza, kilichomo ndani ya habu

Beringi ya gurudumu ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake safu mbili za gololi au roli zilizopangwa kwenye kibanio ili zisigusane. Ndani kuna grisi. Pembeni kuna sili za mpira za kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie. Pete ya ndani imeshikana na habu, kile kitovu kinachofungwa gurudumu, ile ya nje imeshikana na nako, kile chuma kizito kinachobeba gurudumu. Uzito wote wa kona hiyo ya gari unapita kwenye gololi hizo.

Beringi inavuma pale njia ya gololi inapoacha kuwa laini. Vipande vidogo vya chuma vinabanduka, panabaki vishimo, na kila gololi inapopita juu ya kishimo inagonga. Kugonga huko kukifanyika mara nyingi kwa sekunde moja, sikio linasikia mvumo. Ndiyo maana sauti hupanda kadiri magurudumu yanavyozunguka kwa kasi, na ndiyo maana injini haihusiki nayo hata kidogo. Shika jambo hilo, vipimo vingi vinalitegemea.

Kwetu beringi hufa kwa sababu nne kubwa. Maji, hasa ya kupita kwenye madimbwi ya masika wakati habu ina joto, au ya mashine ya kuoshea gari yenye presha kali inayoelekezwa moja kwa moja katikati ya gurudumu. Mashimo: gurudumu likidumbukia kwa kishindo, gololi zinaacha alama kwenye pete, na alama hiyo ndiyo mwanzo wa mvumo wa miezi ijayo. Mzigo kupita kiasi. Na ya nne, ambayo mafundi hawaipendi kuitaja, ni nyundo ya siku ile beringi ilipofungwa. Hiyo nitairudia.

Hatua ya kwanza: matairi, kabla ya kitu kingine chochote

Tairi lililolika vibaya linavuma sawasawa na beringi. Nasema sawasawa kwa makusudi. Nimewahi kukaa na fundi wa miaka mingi ndani ya gari moja tukabishana njia nzima. Kwa hiyo usitegemee sikio hapa, tumia mkono.

Gari likiwa limesimama, weka kiganja juu ya kashata za tairi na ukipitishe kuelekea mbele, kisha kirudishe nyuma. Tairi zima huhisiwa sawa pande zote mbili. Tairi lenye meno ya msumeno utalijua papo hapo: upande mmoja kiganja kinateleza, upande wa pili kinakwama kwenye kingo kali za kila kashata. Zungusha usukani mpaka mwisho ili ufikie upande wa ndani wa matairi ya mbele, kwa sababu ulaji mbaya hupenda kujificha huko. Ya nyuma itabidi ulale chini au uyainue. Ukikuta mabonde, yaani sehemu zilizoingia ndani kila baada ya sentimita kadhaa kuzunguka tairi, shuku shokapu zilizochoka: tairi linadundadunda barabarani na kujichonga lenyewe. Meno ya msumeno kwa kawaida yanaelekeza kwenye alaimenti iliyopotea, au matairi yaliyokaa sehemu moja muda mrefu mno bila kubadilishwa nafasi. Yangu yalikuwa ya nyuma, na shokapu zote mbili zilikuwa zimekwisha.

Pima upepo pia. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni ya mwisho kabisa ambayo tairi linastahimili, siyo ya kujaza.

Kisha fanya kile nilichotakiwa kufanya kabla ya kulipa mara mbili: badilisha matairi ya mbele na ya nyuma, kila moja libaki upande wake. La mbele kushoto liende nyuma kushoto, la mbele kulia liende nyuma kulia. Hivyo hata tairi lenye mshale wa mwelekeo linaendelea kuzunguka linavyotakiwa. Endesha barabara ileile kwa spidi ileile. Mvumo ukihama, ukibadilika sauti au ukipungua sana, una kesi ya matairi. Ukibaki palepale, sasa ndiyo unayo haki ya kuishuku beringi.

Hatua ya pili: barabarani

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, chenye magari machache, ambapo unaweza kufika 80 bila kumsumbua mtu. Mchukue mwenzako mwenye masikio mazuri akae kiti cha nyuma, katikati, kwa sababu sauti ya nyuma hupita kwenye sakafu na kumfikia dereva kama inatoka mbele. Zima redio, feni na AC, funga vioo. Abiria wa nyuma akisema "iko huku kwangu" wewe ukisema "iko huku kwangu", mwamini yeye zaidi.

Anza na injini. Ukiwa 70, shusha gia moja, au kwa otomatiki weka L au 2 kama spidi inaruhusu, injini ipande mizunguko huku spidi ya gari ikibaki ileile. Mvumo ukipanda pamoja na injini, tatizo liko kwenye injini au vifaa vinavyozungushwa na mkanda wake. Usipobadilika, liko kuanzia gia boksi kwenda kwenye magurudumu. Baada ya hapo kanyaga klachi, au weka nyutro kwa sekunde chache kwenye tambarare, gari lijiendee lenyewe. Usizime injini kabisa: usukani utakuwa mzito, breki zitapoteza msaada, na ukikosea kuzungusha ufunguo usukani unajifunga. Beringi ya gurudumu itaendelea kuvuma ukiwa nyutro, na sauti itashuka taratibu pamoja na spidi.

Sasa kanyaga mafuta, achia mafuta, kanyaga tena. Mvumo unaokuja ukikanyaga na kutoweka ukiachia, au kinyume chake, ni tabia ya difu kwenye magari yanayovuta kwa nyuma kama Hiace na Hilux, au gia boksi kwenye yale yanayovuta kwa mbele. Beringi ya gurudumu haijali sana kama unavuta au unateleza.

Angalia lami pia. Ukitoka kwenye lami mpya laini na kuingia kwenye ile ya kokoto iliyochakaa, tairi hubadilisha wimbo mara moja. Beringi huimba wimbo uleule.

Halafu kipimo ambacho kila mtu anakijua lakini wengi wanakisoma kinyume: kona. Gari likikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia. Likikata kulia, unahamia kushoto. Beringi mbovu huongeza kelele inapobebeshwa. Kwa hiyo kama mvumo unapanda ukikata kushoto na kupungua ukikata kulia, anza kuishuku ya kulia. Mtu akisikia kelele kwenye kona ya kushoto na kufungua beringi ya kushoto, amefungua nzima.

Si lazima uende milima ya Lushoto kupata kona. Kipilefti kikubwa kinatosha. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ukishaingia unazunguka ukikata kulia muda wote, na magurudumu ya kushoto ndiyo yanayobeba. Mvumo ukikua humo ndani, shuku kushoto. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, kwenye kipande chako kilichonyooka, kukiwa hakuna gari mbele wala nyuma, yumbisha gari polepole kulia na kushoto kwa spidi ya 60, usukani ukicheza kidogo tu. Utasikia sauti ikija na kuondoka kama mawimbi. Mwenzako wa nyuma ahesabu kwa sauti: "kubwa, ndogo, kubwa, ndogo," wewe ulinganishe na mkono wako.

Mara nyingi kipimo hiki hukupa upande sahihi. Mara chache hukudanganya, kwa sababu beringi ina safu mbili za gololi na inategemea ni ipi iliyoumia, na kwa sababu tairi bovu nalo hubadilika kidogo kwenye kona. Ndiyo maana tulianza na matairi, na ndiyo maana bado hatujafungua kitu.

Sauti ambazo si za beringi

Tak-tak-tak ukikata kona kali kwa spidi ndogo, kwa mfano ukitoka kwenye maegesho, ni jointi ya nje ya shafti. Angalia kama mpira wake umepasuka na kutapika grisi kwenye rimu. Usukani unaotetemeka kwenye spidi moja, tuseme 90 hadi 100, kisha kutulia ukipita hapo, ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Mlio mwembamba kama filimbi unaokatika ukigusa breki ni pedi zilizokwisha. Na kabla hujalipa senti kwa kelele ya kukwaruza iliyoanza ghafla baada ya safari ya barabara ya vumbi, chungulia nyuma ya diski: kuna kibati chembamba cha kukinga uchafu, na jiwe dogo hupenda kukwama kati yake na diski. Linapiga kelele ya kutisha. Bisibisi inalitoa kwa dakika moja.

Hatua ya tatu: kuinua gurudumu

Gari liwe kwenye ardhi tambarare na ngumu, mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Legeza nati za tairi kidogo tu kabla ya kuinua, kama unapanga kulitoa. Inua kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma chini ya sehemu imara. Matofali hapana. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya, na nusu ya mwili wako itakuwa chini ya gari.

Kwa magurudumu ya nyuma shusha hendibreki, na gari linalovuta kwa mbele libaki kwenye gia au P. Kwa ya mbele ni kinyume: hendibreki juu, gia nyutro ili gurudumu lizunguke.

Sasa weka mkono mmoja kwenye springi ya shokapu, uishike kwa vidole kidogo tu, na kwa mkono mwingine zungusha tairi kwa nguvu ya wastani. Springi hufanya kazi kama waya wa simu ya makopo ya utotoni: kila ukwaruzo ulio kwenye beringi unapanda mpaka vidoleni. Beringi nzima hutasikia kitu, labda pedi zikigusa diski kidogo, shiii, shiii, kwa vipindi. Beringi mbovu inahisiwa kama mchanga unasagwa huko ndani, mfululizo, bila kusita. Nenda upande wa pili ufanye hivyo hivyo. Kulinganisha pande mbili ndiko kunakokupa jibu; upande mmoja peke yake huwa unabahatisha.

Kama pedi zinakusumbua sikio, toa tairi, toa kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, uifunge na waya kwenye springi (usiiache ining'inie kwa paipu yake), toa diski kama inatoka kirahisi, kisha zungusha habu kwa mkono. Hapo hakuna cha kukuchanganya tena. Habu nzima huzunguka kwa uzito wa grisi, laini na nzito kidogo. Inayozunguka huru kabisa kama pangaboi nayo inatia shaka, pengine grisi imekwisha. Na ile inayokwama kidogo na kuachia imeshatoa hukumu yenyewe.

Halafu mchezo. Rudisha tairi, shika juu kabisa kwa mkono mmoja na chini kabisa kwa mwingine, vuta na sukuma kwa zamu. Kisha shika kushoto na kulia, fanya vilevile. Ukisikia tok-tok kwenye juu na chini pekee, inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika nako. Ukiisikia kwenye kushoto na kulia pekee, kwanza tazama tairodi, ule mkono wa usukani unaogeuza gurudumu. Ukiisikia pande zote, beringi ndiyo mshukiwa mkuu. Kuitenganisha na boljointi kuna ujanja mmoja mzuri: mwambie mwenzako akanyage breki na kushikilia, kisha tikisa tena. Breki inafunga habu na nako pamoja, hivyo mchezo wa beringi unatoweka. Tok-tok ikibaki hata breki ikiwa imekanyagwa, inatoka kwenye boljointi, bushi au kitu kingine cha chini.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba beringi isiyo na mchezo ni nzima. Beringi za kisasa huvuma kwa maelfu ya kilomita kabla ya kuanza kucheza. Mchezo ni dalili ya mwisho.

Kuna wanaowasha gari likiwa juu, wakatia gia na kusikiliza kwa bisibisi ndefu iliyogusa nako, mpini ukiwa sikioni. Kwa fundi mwenye lifti ni kipimo kizuri sana. Nyumbani juu ya stendi sikushauri. Ukiinua gurudumu moja tu la mbele, difu hupeleka mzunguko wote huko: dashibodi ikisema 40, tairi la hewani linakwenda kama 80. Na gari la magurudumu manne yanayovuta, ukiinua mawili tu, linaweza kuruka kutoka juu ya jeki.

Joto na taa ya ABS

Baada ya kuendesha dakika 20 bila kutumia breki nyingi, simama na sogeza mkono karibu na katikati ya kila rimu, bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto la wazi kuliko mwenzake, kuna kitu kinasuguana. Inaweza kuwa beringi, lakini pia kalipa iliyogoma kuachia, kwa hiyo inua uone kama tairi linazunguka kirahisi.

Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, nayo husema kitu. Kwenye magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, pete ya sumaku inayosomwa na sensa imejengwa ndani ya sili ya beringi. Beringi ikicheza, umbali kati ya pete na sensa unabadilika, na taa inawaka, wakati mwingine inakuja kwenye kona tu na kuzima. Kelele na taa vikija pamoja upande mmoja, sihitaji ushahidi mwingine.

Naweza kuendelea kuendesha?

Ikivuma bila mchezo wowote: mjini, siku chache za kutafuta spea, sawa. Safari ya Mwanza, hapana. Ikicheza au ikikwaruza: gari lisitoke lilipo. Beringi iliyovunjika ndani hupata joto, habu inalegea, diski inasukuma pedi mbali hadi kanyagio la breki linazama, na ikifika mwisho gurudumu huondoka na habu yake. Wale mnaoona tairi likilitangulia gari barabarani, mara nyingine hiyo ndiyo hadithi yake.

Kununua

Jua kwanza aina uliyo nayo. Corolla zenye namba ya modeli NZE121, kwa mfano, mbele zina beringi inayoshindiliwa kwa mashine ya presi ndani ya nako, na nyuma zina habu kamili, beringi ikiwa imo ndani, inayofungwa kwa bolti nne. Ya nyuma unaweza kubadilisha nyumbani. Ya mbele inataka presi. Land Cruiser za 70 na Hilux za zamani za magurudumu manne mbele zina roli za mshazari, mbili kila habu, zinazopakwa grisi na kukazwa kwa nati ya kurekebishia, soketi ya milimita 54. Kwa hizo mchezo mdogo haumaanishi kifo: fungua, osha, kagua roli na pete, paka grisi mpya, weka sili mpya, kaza upya. Nimeona watu wakitupa roli nzuri za Kijapani na kuweka za bei rahisi kwa sababu tu nati ilikuwa imelegea.

Nenda dukani na ya zamani mkononi, au angalau namba yake. Namba zinazoanza na DAC zinajieleza: DAC38740036/33 ina maana kipenyo cha ndani milimita 38, cha nje 74, upana 36 kwa pete moja na 33 kwa nyingine. Koyo, NSK na NTN ni za Kijapani na ndizo zilizotoka kiwandani kwenye magari mengi tunayoagiza. SKF ya Sweden na Timken ya Marekani ni nzuri pia. Tatizo ni kwamba boksi lenye majina hayo hupatikana Gerezani, Dar es Salaam, kama linavyopatikana Kirinyaga Road, Nairobi, kwa bei tatu tofauti, na yote huitwa "orijino". Tazama maandishi kwenye chuma chenyewe: yamechorwa kwa usafi, namba inalingana na ya boksi, chuma hakina michubuko. Zungusha kwa kidole. SKF wana programu ya simu ya kukusaidia kutambua feki. Na kama bei ni theluthi ya duka la jirani, umeshajibiwa.

Kwa gari lenye pete ya sumaku, hakikisha unayonunua inayo. Shikisha pini ndogo ya ofisini kwenye sili: upande wenye sumaku pini hunata kidogo. Uweke alama.

Kusimama juu ya fundi

Ndiyo, nasema usimame pale. Beringi mpya inaweza kuuawa kabla haijazunguka hata mara moja.

Kwa ile ya kushindilia, kanuni ni moja: nguvu ipite kwenye pete inayoingia mahali pake, isipite kwenye gololi. Beringi ikiingizwa kwenye nako, presi isukume pete ya nje. Habu ikiingizwa kwenye beringi, pete ya ndani iwe imeegemezwa kwa chini. Fundi akiweka pete ya zamani mahali pasipo pake na kushindilia, au mbaya zaidi akachukua nyundo, kila pigo linachora kishimo kwenye njia ya gololi, na utaondoka na mvumo mpya ndani ya beringi mpya. Hii ndiyo sababu ya nne niliyoahidi kuirudia. Gereji isiyo na presi inaweza kupeleka nako kwa mtu mwenye nayo; ni fedha kidogo na muda wa kunywa chai.

Habu ya zamani ikitoka, mara nyingi hubaki na nusu ya pete ya ndani imeganda juu yake. Hukatwa kwa grainda. Angalia grainda isifike kwenye habu yenyewe, kwa sababu mkwaruzo hapo unaharibu mshiko wa beringi mpya. Sehemu za kukutania zisafishwe mpaka zing'ae, upande wenye sumaku uelekee kwenye sensa, saklipu, ile pete ya kuzuia beringi isitoke, irudi mahali pake, usikie tik.

Kisha nati kubwa ya katikati. Kwa NZE121 ni ya soketi 30, na inakazwa kwa nguvu ya Nm 216, sawa na kuning'iniza kilo 22 kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Pungufu ya hapo beringi inacheza. Mashine ya hewa iliyoachiwa ovyo inaizidishia. Wakati wa kukaza, gari likiwa bado juu, mtu akanyage breki. Gari lisishushwe wala kusukumwa nati ikiwa haijakazwa, hata hatua mbili kwenda kupisha gari jingine, kwa maana hiyo nati ndiyo inayozishika nusu mbili za pete ya ndani pamoja. Nati iwe mpya, na mdomo wake ugongwe uingie kwenye mfereji wa shafti. Nati za tairi kwenye gari hilohilo ni Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba.

Omba upewe beringi ya zamani. Ipasue au mwambie fundi aipasue mbele yako, futa grisi kwa kitambaa, uitazame njia ya gololi juani. Ikiwa imebanduka, ina madoa ya kutu au rangi ya samawati ya kuungua, umelipia kitu cha kweli. Ikiwa inang'aa kama kioo, rudi kwenye matairi.

Jioni hiyo rudi kwenye kipande kilekile cha lami, spidi ileile, na mwenzako yuleyule kiti cha nyuma. Baada ya kilomita 100 kagua tena nati za tairi. Na usishangae ukisikia mvumo mwingine mdogo ambao hukuwahi kuusikia: beringi ya upande wa pili imetembea kilomita zilezile, na kelele kubwa ilikuwa inaifunika. Ipime kwa springi kwanza.